Joanna Fowler, Mkemia Aliyesaidia Kuuonesha Ubongo Ulio Hai

Joanna Fowler ni mkemia wa Marekani aliyezaliwa Miami, jimbo la Florida, mwaka 1942. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1967 na, baada ya muda mfupi wa utafiti nchini Uingereza, akajiunga mwaka 1969 na Maabara ya Taifa ya Brookhaven, Long Island, ambako alidumu katika maisha yake yote ya utafiti. Alitajwa kuwa miongoni mwa wapokeaji wa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo ya mwaka 2008.

Jina lake limefungamana zaidi na dawa ya uchunguzi iitwayo FDG. Dawa hiyo ni glukosi iliyoondolewa sehemu yake moja na kupachikwa florini-18, atomu itoayo mionzi. Seli huipokea kama sukari ya kawaida na kuanza kuitumia, lakini hatua ya pili humshinda mpokeaji. Dawa hunasa ndani ya seli, na mashine ya PET huonesha mahali ilipokusanyika. Ubongo hula sukari nyingi, na kadhalika seli nyingi za saratani.

Ugumu ulikuwa muda. Mionzi ya florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110, hivyo mkemia hana nafasi ya kusitasita. Kundi la Brookhaven, likiwamo Fowler, Alfred Wolf na Tatsuo Ido kutoka Japani, liliitengeneza FDG, na Agosti 1976 ikasafirishwa kwa ndege hadi Philadelphia. Huko, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, watu wawili wa kujitolea walidungwa, na ubongo wao ukapigwa picha. Sharti hilo la muda halijalegea hata leo: ndiyo sababu jiji kama Nairobi, lenye huduma ya PET, lina saiklotroni zake za kuzalishia florini hiyo.

Kazi yake juu ya dawa haijulikani sana kwa umma, ingawa pengine ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi kwa wafamasia. Kwa kutumia kaboni-11, ambayo hupungua kwa nusu ndani ya dakika 20 tu, alifuatilia kokeini ikiingia na kutoka katika ubongo wa binadamu. Alipima pia kimeng'enya MAO B, ambacho huvunja dopamini na huzuiwa na baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson. Ilibainika kuwa dawa moja ya aina hiyo, selegilini, huacha athari ndefu: baada ya mgonjwa kuacha kuimeza, ubongo huhitaji takribani siku 40 kurejesha nusu ya kimeng'enya kilichopotea. Kupima damu pekee kusingeonesha jambo hilo, kwa kuwa dawa yenyewe huwa imekwisha kutoka mwilini zamani.

Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha tokeo ambalo wengi hawakulitarajia. Wavuta sigara walikuwa na MAO B pungufu kwa asilimia 40 katika ubongo, ilhali waliokwisha kuacha walikuwa na kiwango cha kawaida. Nikotini haikuwa chanzo. Kizuizi kilitokana na kemikali nyingine zilizomo katika moshi.