Moshi wa rangi ya jiko jipya
Moshi wa rangi ya jiko jipya ni mvuke wenye harufu kali unaotoka kwenye uso wa jiko la kuni la chuma linapowashwa mara za kwanza. Hutokea hasa kwenye majiko ya kupashia nyumba joto, ya kawaida Ulaya na Amerika Kaskazini, yaliyopakwa rangi ya silikoni inayostahimili joto kali. Kiwandani rangi hiyo hukauka kiasi cha kuguswa tu. Hukomaa ikifikia takriban 200 °C au zaidi, mabaki ya viyeyusho na sehemu ya gundi yake yakivukizwa. Kabla ya hapo hulainika kwa muda, hivyo haiguswi wala kuwekewa birika. Watengenezaji hushauri mioto kadhaa, ya kwanza ikiwa midogo, madirisha yakiwa wazi. Ndege wa kufugwa, ambao mapafu yao hudhurika upesi, huondolewa chumbani. Harufu ikidumu baada ya mioto mikali kadhaa, huenda chanzo si rangi, na bomba la moshi hukaguliwa.