Historia ya Ituri ndani ya daftari la mtoto

Mwanafunzi wa darasa la saba au la nane huwa na miaka 12 hadi 14. Hapa Bunia, umri huo una historia yake.

Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, CPI, huko La Haye, ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa. Ilimkuta Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, na hatia ya kuandikisha jeshini watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, hapa Ituri, mwaka 2002 na 2003. Julai 2012 alipewa kifungo cha miaka 14. Mtoto anayejifunza Mkutano wa Berlin wa 1885 ajifunze na hilo.

Wazazi mlio kambini, shule ikifungwa, somo lisifungwe. Kila siku mtoto asome kwa sauti ukurasa mmoja, hata wa kitabu kilichochanika. Kisha aandike mambo matatu: nini kilitokea, mwaka gani, nani aliumia. Jioni amuulize mzee mmoja anayeikumbuka 2003.

Mzee asimulie aliyoyaona, bila kulaumu kabila. Mahakama ilimhukumu mtu mmoja kwa jina lake na kwa matendo yake, haikuhukumu kabila. Mtoto akilielewa hilo mapema, mtu atakayekuja kumwita aende porini kulipiza kisasi hatampata kwa urahisi.