Aliyebaki na Bendi

Sisi sote hukumbuka aliyesimama mbele siku ya sikukuu. Aliyefundisha siku za kazi twamsahau upesi. Historia ya bendi moja ya matarumbeta yaweza kutusahihisha.

Katika kijiji cha Queensbury, kaskazini mwa Uingereza, mwenye kiwanda cha nguo za sufu, John Foster, aliichukua bendi ya kijiji mwaka 1855, akaipatia vyombo, sare na kazi kiwandani. Ndiyo Black Dyke. Toka 1912 hadi 1948 mwalimu wake alikuwa Arthur Pearce: miaka 36, akivuka vita kuu mbili.

Desturi ya bendi hizo ilikuwa kumwalika kiongozi mashuhuri kwa ajili ya mashindano. Mwaka 1928 Black Dyke ilipotwaa ubingwa wa taifa kule Crystal Palace, London, aliyeongoza jukwaani alikuwa William Halliwell, aliyeongoza bendi nyingine nyingi pia. Kazi ya Pearce ilikuwa ile ya mwaka mzima, mazoezini.

Tusichanganye mambo. Wapo wanaokaa miaka mingi kwa kushikilia kiti; wakiondoka, kazi huanguka nao. Pearce aliondoka, na bendi yapiga hata leo. Basi tunapomchagua kiongozi wa kikundi chetu, tusimtafute apendezaye jukwaani tu. Tumtafute atakayefika mazoezini siku ya mvua, na atakayewaandaa wengine waendelee asipokuwepo.