Baba na Kumbakumba

Pale kwetu Temeke kuna wazee wawili wakikutana kwenye bao lazima walumbane, na mmoja wao ni baba yangu. Mwenzake humwambia, "Nyie madereva ndio mlioiua UDA." Baba hanyanyui uso. Anasambaza kete. Mimi, kitinda mimba wake, mtu wa kizazi cha mwendokasi, nilikuwa nacheka tu, hadi siku moja nikaona mkono wake unatetemeka. Nikaamua kuchimba.

DMT, kampuni ya mabasi ya Dar, ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa: KAMATA wakapewa safari za mikoani, UDA wakabaki na jiji. (Wangapi wanashuka kituo cha Kamata bila kujua wanataja jina la marehemu?) Kati ya magari ya UDA yalikuwemo yale marefu ya Hungaria, Ikarus. Watu wa Dar wakayabatiza kumbakumba, maana yalizoa kituo kizima.

Kwa nini Hungaria na si Moscow? Wasovieti walikuwa na mabasi yao, ZIS-155 ya 1949, kisha ZIL-158 ya 1957, yote ya kiwiliwili kimoja. Lakini ndani ya kambi ya kijamaa kazi ziligawanywa, na Hungaria ikaangukiwa na mabasi. Wasovieti wenyewe wakawa wateja wakubwa. Ikarus 280, iliyoanza 1973, ilitengenezwa zaidi ya 60,000. Urefu wake mita 16.5, viwiliwili viwili vimeungwa kwa mpira uliokunjwakunjwa. Injini imelazwa chini ya sakafu, kipande cha mbele, inazungusha magurudumu ya katikati, na mkia unavutwa kama tela. Basi ukikata kona, bwana, ubabe weka pembeni. Ukiusahau mkia, unakukumbusha.

Sasa balaa. Kila kipuri kilitaka fedha za kigeni. Mafuta yakapanda bei, ikaja vita ya Kagera 1978-79, na nchi haikuwa nazo. Baba anasema gari lililala karakana kwa kukosa kidude cha kiganjani, halafu linachunwa vipuri ili mwenzake atembee. Vituoni watu wamejaa hadi barabarani. Magari ya watu binafsi yakaingia kwa kujificha, mpaka Serikali ikayaruhusu mwaka 1983. Nauli ilikuwa shilingi 5, ambayo mtaani iliitwa "dala", konda anaimba dala dala, jina likaganda.

Na wizi wa nauli? Sitawatetea makonda, ulikuwepo. Ila konda wa Temeke angeiba vipi fedha za kigeni ambazo hata Benki Kuu ilikuwa inazitafuta?

Nilimsomea baba haya yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha mahali pamoja tu.

"Kona si kitu. Kazi ni kurudi rivasi."

Halafu akavaa kofia yake, akaenda kwenye bao.