Tundu la Upanga

Tarehe 28 Machi 1876 serikali ya Japani, chini ya Mfalme Meiji, ilipiga marufuku kuvaa upanga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na wakuu waliovaa mavazi rasmi. Amri ile iliwavua samurai alama ya daraja lao. Iliwanyima riziki pia mafundi wa tsuba, yaani kikingio kinachokaa baina ya mpini wa upanga na makali yake.

Kazi ya asili ya kikingio ni kuuzuia mkono usiteleze kwenye makali. Vya kale vilikuwa vya chuma kitupu, pengine vimetobolewa umbo la ua au la ndege, basi. Ajabu ni kwamba nakshi zake zilistawi zaidi katika amani ya watawala wa Tokugawa, kuanzia 1603 hadi 1868. Upanga uliokosa vita ulibaki kuwa vazi, na vazi hutaka pambo.

Mafundi walichanganya shaba na dhahabu kidogo, kadiri ya sehemu nne katika mia, wakaichemsha katika maji ya dawa hata ikawa nyeusi inayoelekea buluu, mithili ya bawa la kunguru. Hiyo ndiyo shakudo. Shaba iliyotiwa robo ya fedha ilitoa kijivu cha ukungu wa alfajiri, nayo ni shibuichi. Juu yake walitia njumu za dhahabu. Ukoo wa Goto, tangu Goto Yujo wa karne ya 15, ulisifika kwa kujaza uwanja wa mapambo ya upanga kwa chembe kama mayai ya samaki, kila chembe ikigongwa peke yake.

Yote hayo yalifanyika katika nafasi ya kiganja, yenye tundu katikati ambalo fundi hana hiari ya kuliziba. Mshairi aliyezoea vina na mizani ataifahamu furaha ya kifungo hicho.

Baada ya amri, wengi waliacha kazi. Kano Natsuo (1828–1898), aliyekuwa amekwisha kuchora sarafu mpya za serikali, aligeukia vyombo vingine na hatimaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa cha Tokyo. Ujuzi ukaokoka. Vikingio vingi vilivuliwa kwenye panga vikauzwa ng'ambo. Leo vimo katika makumbusho ya Boston na London, vikitazamwa kama picha. Asiyejua historia yake hulidhani lile tundu kuwa kasoro, kumbe ndilo lililoamuru kila nakshi iliyolizunguka.