Nani Mwenye Shamba? Nadharia za Umiliki na Bonde la Kyela

Swali la chanzo cha haki ya kumiliki mali tumelizoea kuwaachia wanauchumi. Makala haya yanadai kwamba nasi wa fasihi linatuhusu. Umiliki, kabla haujawa hati, ni masimulizi: mtu anasema "hili langu", wenzake wanakubali au wanakataa. Mfano wangu ni wa nyumbani, Kasumulu, mpakani na Malawi.

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alishikilia kwamba aliyetia jasho lake ardhini ndiye mwenye ardhi. Mwaka 1967 Mmarekani Harold Demsetz akaleta hoja nyingine. Alitumia mfano wa wawindaji wenyeji wa Labrador, Kanada: biashara ya manyoya ilipopandisha thamani ya wanyama, familia zikaanza kugawana maeneo ya kuwinda. Kwa hiyo, anasema, haki ya binafsi huzaliwa pale faida ya kulinda kitu inapozidi gharama ya kukilinda.

Kwa haraka, Kyela inamuunga mkono. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, walikuta vijiji vya rika: vijana wa umri mmoja wanajenga pamoja, na ardhi inagawanywa upya wakati wa ubusoka, kizazi kipya kinapokabidhiwa utawala. Ukaja mpunga wa kuuza huku bondeni na kahawa kule milimani Rungwe. P. H. Gulliver, katika utafiti wake wa mwaka 1958, anaonyesha ardhi ikiadimika, watu wakiyang'ang'ania mashamba yao, vijiji vya rika vikidhoofika.

Basi Demsetz kashinda? Ngoja kwanza. Katika hadithi yake kuna wahusika wameachwa nje.

Wa kwanza ni dola. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kwa amri tu kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Kaisari. Mwaka 1923 Waingereza wakaiweka ardhi yote chini ya Gavana. Hakuna aliyengoja bei ya mpunga! Na hata kwa sheria za ardhi za mwaka 1999, ardhi ni ya umma, Rais akiwa mdhamini.

Wa pili ni mwanamke. Kwa desturi ya Kinyakyusa mwanamume alilima kwa jembe. Mwanamke akapanda, akapalilia, akavuna. Mbona shamba lilipoganda mikononi mwa mtu, liligandia kwa baba na wanawe wa kiume? Jasho la Locke lina jinsia, eti.

Wa tatu ni mto Songwe. Wajerumani na Waingereza waliufanya mpaka mwaka 1890, lakini mto wenyewe haukutia saini. Mafuriko huhamisha mkondo, na shamba la mtu likajikuta ng'ambo. Hapo jasho halitoshi, wala bei. Kinachobaki ni majirani wa pande zote mbili, wanaokumbuka nani alilima wapi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu mwaka 2004 mpango wa MKURABITA umekuwa ukisisitiza hilohilo: mnyonge arasimishe mali yake. Sipingi daftari. Lakini Kiswahili chetu kinamwita mmiliki "mwenyewe", neno lilelile la nafsi ya mtu. Kwa hiyo daftari la ardhi tulisome kama tunavyosoma riwaya: nani anasimulia, na nani hakupewa nafasi ya kusema?