Ushuhuda wa Walioachwa Huru

Wasomaji wengi wamekwisha kumsikia Mkristo akisimama kanisani kueleza jinsi Mungu alivyomwita. Neno lenyewe, ushuhuda, ni la barazani kwa hakimu: shahidi husema aliyoyaona, wala haongezi.

Mwaka 1872 tufani kuu iliangusha mikarafuu ya Unguja, bali ile ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Basi mashamba yalizidi huku, na watumwa wakaletwa kwa siri, ijapokuwa biashara hiyo ya baharini ilipigwa marufuku mwaka 1873. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipotaka kukagua jahazi moja.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuufuta utumwa katika sheria. Lakini uhuru haukuja wenyewe. Ilimpasa mtumwa aende barazani akauombe. (Masuria hawakuhesabiwa pamoja nao mpaka mwaka 1909.) Fikirini, ndugu zangu: mtu ambaye habari zake zilisemwa na bwana wake, sasa aulizwa kwa kinywa chake mwenyewe, Wewe ni nani, wataka nini?

Mwaka ule ule Marafiki wa Uingereza, waitwao pia Quaker, Theodore Burtt akiwa mmoja wao, walianza kazi Pemba, na shambani Banani wakawapa walioachwa huru kazi ya ujira. Desturi ya asili ya Marafiki katika ibada ni kukaa kimya, hata mmoja aguswe moyo, asimame aseme.

Walioandika habari zao ni vijana wa Kiungani, Unguja, shule ya Misheni ya Vyuo Vikuu. A. C. Madan alizikusanya zikapigwa chapa mwaka 1887. Mwingine aliyesoma Kiungani, Petro Kilekwa, Mbisa aliyeokolewa jahazini na manowari, akawa kasisi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1937. Hao hawaanzi na ubatizo. Huanza kwao bara, kwa jamaa zao, ndipo waje kwenye kutekwa na kuuzwa. Kwangu mimi hilo ndilo la kuiga, maana wako wasimuliao imani yao kana kwamba walizaliwa siku ya kubatizwa, na kwa mama yao palikuwa giza tupu.

Wa Pemba wengi hawakuandika. Habari zao zilibaki vinywani, kwa Wakristo na kwa Waislamu vilevile, na wajukuu wengi huona haya kuzitaja.